Ngozi ya mikono ya mpandaji miamba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawalenga hasa wale waliozoea ukuta wa kupandia wa ndani mjini, ambao Jumamosi wanakwenda kwenye miamba halisi ya Lukenya au Hell's Gate, Kenya, na kurudi na vidole visivyoweza hata kumenya chungwa. Sehemu kubwa itamfaa pia anayepanda Tsavo, Mlima Kenya au majabali ya Mwanza na Iringa.

Mbona ukuta wa ndani hauniumizi, lakini saa mbili tu za Lukenya zinanichuna vidole?

Vishikio vya ndani ni vya plastiki, vimeviringwa kingo na ni vikubwa. Lukenya ni gneisi, mwamba wa kale uliojaa chembe za kwatzi na feldspa zilizochomoza, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kisu. Ukijivuta kwa mshiko mdogo, chembe hizo zinajichimbia kwenye ncha za vidole. Mguu ukiteleza ghafla, mkono unaburuzwa juu ya hizo hizo chembe, na hapo ndipo ngozi inapobaki mwambani.

Mahali panapoumia pia ni tofauti. Ndani, kinachoumia ni kiganja, pale chini ya vidole, kwa sababu ya kuning'inia kwenye vishikio vinene. Nje, kazi kubwa inafanywa na ncha za vidole. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na sugu nzuri kabisa za ukutani na bado awe mgeni mbele ya mwamba.

Kuna sababu ya tatu ambayo watu hawapendi kuisikia: miguu mibovu. Anayeanza hupanda kwa mikono. Anashika kwa nguvu kuliko inavyohitajika, anabadilisha mshiko mara tatu kabla ya kusogea, na miguu inamponyoka kwa sababu haitazami anapoiweka. Kujifunza kuweka kidole cha kiatu mahali pamoja na kukiacha hapo kutaokoa ngozi yako zaidi ya mafuta yoyote yaliyotajwa hapa chini.

Kwa hiyo ninahitaji sugu nene?

Hapana, na hili ndilo kosa linalozaa nusu ya majeraha. Unachotafuta ni ngozi ngumu iliyo sawasawa, kavu kwa juu lakini bado inakunjika. Sugu iliyopanda kama kilima ina ukingo. Ukingo unanasa kwenye mwamba, na uzito wa mwili ukija, sugu yote inabanduka kwa mkupuo, mithili ya ukoko mkavu kwenye sufuria. Chini yake kuna ngozi changa, nyekundu, inayochoma ukiigusisha hata maji ya vuguvugu.

Ncha za vidole vya mpandaji mzoefu ukizigusa utashangaa. Hazina vinundu. Ni laini kwa kuzipapasa, zimekaza, na zinang'aa kidogo. Wenye viganja vilivyojaa milima ya sugu mara nyingi ni wale wanaoning'inia sana kwenye vyuma vya mazoezi.

Inachukua muda gani?

Tabaka la juu la ngozi linajengwa kutoka chini. Seli mpya zinazaliwa ndani, zinasukumwa juu, zinakufa na kuwa magamba magumu, kisha zinapukutika. Safari hiyo huchukua takriban mwezi, na viganjani, ambako tabaka ni nene kuliko karibu sehemu nyingine zote za mwili isipokuwa nyayo, inaweza kuzidi hapo. Usitegemee kuona tofauti kabla ya wiki nne, na wengi huanza kujisikia vizuri kwenye mwamba baada ya wiki sita hivi za kupanda kwa mfululizo.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni kwamba ngozi haikai. Ukiacha kupanda mwezi mzima, tuseme kwa sababu ya Ramadhani au kazi za ofisini, mikono inarudi kuwa laini hata kama misuli bado ipo. Hapo ndipo watu huumia: wana nguvu za kupanda njia ngumu, lakini vidole ni vya mtu aliyeanza jana.

Niikaze vipi basi?

Kwa mwamba wenyewe, kidogo kidogo. Mwili huongeza unene pale panapobanwa na kusuguliwa mara kwa mara, ilimradi upewe nafasi ya kujenga kabla ya kuchunwa tena.

Kwa mtu wa Nairobi anayeweza kutoka nje wikendi tu, ninapendekeza siku mbili za ukuta wa ndani katikati ya wiki na siku moja ya mwamba halisi. Safari za mwanzo panda njia rahisi zenye mishiko mikubwa, na uondoke vidole vikiwa vyekundu kidogo lakini vizima. Ukihisi unaondoka mapema, umepatia. Wiki zinavyosogea, ongeza muda kwanza, kisha ndipo uongeze ugumu wa mishiko. Anayepanda Jumamosi na Jumapili kutwa nzima katika safari yake ya kwanza anaifikia Jumatatu bila ngozi, na wiki inayofuata yote ni ya kuuguza. Huyo hajajenga kitu.

Mbao zina nafasi yake. Ubao wa kuning'inia wa mbao unaimarisha vidole bila kula ngozi, kwa hiyo siku ambazo ncha zimechoka, fanya mazoezi huko.

Kuna wanaoweka jiwe juu ya meza ya kazi na kulibonyeza bonyeza wakiwa kwenye simu. Halina madhara na linasaidia kiasi, hasa kwa anayekaa wiki mbili bila kupanda. Libonyeze, usilisugue, kusugua kunapunguza ngozi uliyotaka kuiongeza.

Msasa unatumika vipi, na wa namba gani?

Msasa ni kifaa cha kwanza kununua baada ya viatu na mfuko wa chaki, na ndicho cha bei rahisi kuliko vyote. Chukua msasa laini kidogo, namba 150 hadi 220, kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Tupa ya kucha pia inafaa, ila huisha haraka.

Kazi yake ni kusawazisha. Pitisha kidole gumba polepole juu ya ncha za vidole na kiganja. Popote panapokwaruza au penye ukingo, sugua hadi pawe sawa na ngozi ya jirani, kisha acha. Usiendelee hadi ngozi iwe nyembamba. Fanya hivyo ngozi ikiwa kavu, saa chache baada ya kupanda au siku inayofuata. Baadhi ya watu hukata sugu wakitoka kuoga, ngozi ikiwa imelainika, na hapo ni rahisi mno kuondoa kupita kiasi bila kujua.

Kipande kidogo cha msasa kikae pia ndani ya mkoba. Kijigamba kilichoinuka mchana, kikisawazishwa hapo hapo, hakitakuwa mchaniko jioni. Wembe usiutumie. Najua wapo wanaoutumia, na wengine wana ustadi, lakini wembe hauna njia ya kukuambia umefika chini.

Mikono yangu inatoa jasho sana. Nifanyeje?

Kwanza elewa jasho la kiganja. Viganja vina vitundu vingi vya jasho, na vitundu hivyo vinaitikia woga zaidi ya joto. Ndiyo maana mikono inalowa ukiwa mita kumi juu ya mahali pa mwisho ulipofunga kamba ingawa upepo ni baridi. Ngozi iliyolowa ni laini, inateleza na inachanika upesi. Mwenye jasho jingi atachelewa kupata ngozi ngumu kuliko mwenzake, hata wakipanda pamoja kila siku.

Chaki ya wapandaji ni kaboneti ya magnesiamu, ile ile ya wanasarakasi wa michezoni. Aliyeileta kwenye miamba ni John Gill, Mmarekani aliyekuwa mwanajimnastiki, miaka ya 1950. Paka kidogo, sugua hadi iingie kwenye mistari ya vidole, puliza vumbi la ziada liondoke. Tabaka nene la unga linateleza lenyewe. Chaki ya maji, iliyochanganywa na spiriti, ni nzuri kwa kuanzia kwa sababu spiriti inakausha kabla unga haujashika, lakini soma kibandiko: nyingine zina utomvu wa rosini, na utomvu huo ukishakaa mwambani unaufanya ung'ae na kuwaharibia wengine.

Kama chaki haitoshi, kuna njia za dawa. Losheni za kloridi ya alumini, zile zinazouzwa kwa ajili ya kwapa zinazotoa jasho kupita kiasi, hufanya kazi viganjani zikipakwa usiku mikono ikiwa mikavu. Kuna pia krimu za methenamini, zinazotumiwa sana na wapandaji wa Ulaya. Methenamini ikikutana na jasho hutoa formaldehaidi kidogo, na hiyo ndiyo inayokausha na kukaza ngozi. Zina nguvu. Paka safu nyembamba kwenye ncha za vidole tu, usiku mmoja, osha asubuhi, kisha subiri siku mbili tatu uone matokeo kabla ya kurudia. Usipake kwenye maungio ya vidole, kwa sababu ngozi ikikauka pale inapokunjika, inapasuka. Mwenye ngozi kavu kiasili asiziguse kabisa, wala mwenye ukurutu.

Jasho linalotiririka hadi karatasi inalowa ukiandika ni hali inayotibika hospitalini. Usiichukulie kuwa ni hatima.

Mimi tatizo langu ni kinyume: ngozi kavu kama karatasi.

Ngozi kavu mno nayo inateleza, hasa kwenye mishiko laini, na inapasuka bila onyo. Dalili yake ni ncha zinazong'aa kama kioo na kutoa sauti ya mkwaruzo ukizisugua pamoja. Paka mafuta kila usiku, punguza chaki, na usitumie chaki ya maji wala krimu za kukausha. Wengine hulowesha ncha kidogo kwa kitambaa chenye maji kabla ya kupaka chaki. Ajabu, lakini inashika.

Mlima Kenya unastahili onyo lake. Batian ina mita 5,199 na Nelion mita 5,188, na kambini kwenyewe hewa ni kavu na baridi usiku kucha. Hata mwenye viganja vya jasho akikaa siku tatu huko juu atakuta vidole vimepasuka pembeni mwa kucha. Beba kikopo cha mafuta ya nta, paka kila unapoingia kwenye begi la kulalia, na uvae glavu nyepesi wakati wote usiopanda. Mpasuko wa kidole kwenye baridi unaweza kuuma kiasi cha kukufanya ushindwe kufunga fundo, na fundo ndilo jambo la mwisho unalotaka kulifanya kwa kulipua.

Mafuta gani yanafaa?

Mafuta yaliyotengenezwa kwa nta ya nyuki ndiyo yanayopendwa zaidi na wapandaji, kwa sababu nta inakaa juu, inazuia maji ya ngozi yasitoroke, na hailainishi kupita kiasi. Unaweza kuyapika nyumbani: sehemu moja ya nta, sehemu mbili hadi tatu za mafuta ya nazi au ya shea, yayushe pamoja ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, kisha mimina kwenye kikopo. Shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, kwa hiyo iongezee nta kidogo. Mafuta ya mgando ya kawaida ni sawa kwa kidonda kinachopona, ila kwa matumizi ya kila siku yananata na yanaacha ngozi laini kuliko tunavyotaka.

Saa ya kupaka ni muhimu kuliko aina. Paka jioni baada ya kunawa, usiku kabla ya kulala, na usipake asubuhi ya siku ya kupanda. Losheni ya mwili yenye maji mengi na manukato haifai.

Kuna anayesema niloweke mikono kwenye maji ya chumvi, siki, au mkojo. Kweli?

Hadithi hizi ni za mabondia na mafundi wa zamani. Chumvi na siki zinakausha kwa muda na kuchoma kila mkwaruzo ulio nao. Chai nyeusi iliyokolea ina tanini, ambayo kwa kweli hukaza protini za ngozi kidogo, na kuna wanaoloweka ncha za vidole humo kwa dakika kumi. Haidhuru, na haichukui nafasi ya kupanda. Mkojo, hapana.

Ndugu wa pwani huuliza kuhusu hina. Rangi ya hina inashikana na magamba ya juu ya ngozi lakini haiongezi unene, na mwamba utaifuta pamoja na magamba hayo baada ya siku chache, kwa hiyo usiende Lukenya siku mbili kabla ya harusi. Piko nyeusi yenye kemikali za rangi ya nywele ni suala jingine: inaweza kuleta malengelenge na mzio mbaya. Usipande ukiwa na hali hiyo.

Mimi ni fundi ujenzi, mikono yangu tayari ni migumu. Nina faida?

Unayo, kwa sehemu. Mkono wa jembe, nyundo au kamba ya jahazi una sugu kiganjani na kwenye viungo vya katikati, na ncha za vidole mara nyingi zimebaki kama za watu wengine. Pia saruji hukausha na kupasua ngozi kwa sababu ina asili ya alikali kali, kwa hiyo wewe utahitaji mafuta zaidi na msasa zaidi, na chaki kidogo kuliko karani wa benki. Utakachomshinda ni uvumilivu wa maumivu, na uangalie usije ukapitiliza kwa ajili yake.

Ngozi imechanika na kipande kinaning'inia. Nifanye nini sasa hivi?

Acha kupanda njia hiyo. Nawa kwa maji safi na sabuni, toa chaki na mchanga wote, hata kama inachoma. Kipande kilichoning'inia kikiwa kikavu au kichafu, kikate kwa mkasi mdogo safi karibu na ukingo, bila kuvuta. Kikiwa kibichi na safi, unaweza kukilaza mahali pake kama kifuniko cha siku ya kwanza na kukikata baadaye. Funika kwa bandeji, zungushia plasta, na ikibidi ushuke kwa kamba, shuka.

Nyumbani usiache kidonda kikauke hewani. Kidonda chenye unyevu kinapona haraka kuliko kilichofanya gamba: safu nyembamba ya mafuta ya mgando, kifuniko safi, badilisha kila siku. Ngozi mpya ikishafunika, sawazisha kingo kwa msasa, maana ukingo wa zamani ndio utakaonasa tena. Siku tatu hadi tano zinatosha kwa mchaniko mdogo. Kikubwa chukua wiki, na usihesabu siku. Bonyeza juu ya jiwe na usikilize.

Lengelenge ambalo halijapasuka liache na ngozi yake. Hakuna bandeji bora kuliko hiyo.

Na nyufa ndogo za kina kwenye ncha za vidole?

Hizi huuma kuliko ukubwa wake. Sugua kingo za ufa kwa msasa hadi zishuke, paka mafuta ya nta, funika usiku. Ukilazimika kupanda, plasta ndiyo njia ya kwanza.

Wapandaji wengi hutumia gundi kali ya dukani kuufunga ufa. Inafanya kazi kwa ufa mfupi, mkavu, usiotoka damu. Gundi hiyo si ile ya hospitali, inachoma, na haifai kwa jeraha bichi au la kina. Jambo ambalo watu hawalijui: usiifute kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Ikikutana na pamba hupata moto kwa sekunde chache na inaweza kukuunguza vibaya.

Hell's Gate kinachoumia ni mgongo wa mkono. Huo nao unakazwa?

Kidogo sana. Kuta za Hell's Gate ni za volkano, zimepasuka kwa nyufa ndefu za wima, na nyufa hizo hupandwa kwa kuingiza mkono, kuukunja ndani na kuukaza ubanane. Ngozi ya mgongo wa mkono ni nyembamba, haina tabaka la kiganja, na haitafika huko hata upande miaka kumi. Dawa yake ni mbinu na plasta. Mkono uingie ukiwa umelegea, ukazwe mahali pamoja, na usizungushwe ukiwa umebeba uzito. Majeraha mengi ya nyufa yanatokana na mkono uliobanwa nusu nusu halafu ukateleza.

Glavu ya plasta inatengenezwa hivi. Tumia plasta ngumu ya zinki yenye upana wa karibu sentimita nne. Kunja ngumi kidogo wakati wote unapofunga, la sivyo itakubana damu ukianza kupanda. Anzia kifundo cha mkono, pitisha mgongoni hadi kwenye kidole cha shahada, zungusha shina lake, rudi kifundoni. Rudia kwa kidole cha mwisho, kisha vya kati. Ongeza vipande viwili vya kukata mgongo wa mkono kwa upana, funika vifundo vya vidole, na umalizie kwa kuzungusha kifundo cha mkono mara mbili. Kiganja kibaki wazi. Jioni kata upande wa ndani wa kifundo na uvue kwa uangalifu. Glavu nzuri hutumika tena mara kadhaa. Zipo glavu za mpira zilizotengenezwa kwa kazi hii, na kwa anayepanda nyufa kila wikendi zinajilipa.

Naweza kuvaa glavu za kawaida nipande?

Kwa kushika kamba ya mwenzako, kwa kushuka, kwa kubeba mizigo: ndiyo, na itakulindia ngozi yako kwa ajili ya kupanda. Kwa kupanda kwenyewe, hapana.

Saa na hali ya hewa vina uzito gani?

Zaidi ya wengi wanavyodhani. Mwamba uliopigwa na jua la saa sita unaipika ngozi. Jasho linatoka, ngozi inalainika, na mshiko uliokuwa mzuri saa moja asubuhi unakuwa sabuni. Hell's Gate, fika lango linapofunguliwa na ufuate kivuli kinavyohama ukutani. Tsavo hili si ushauri tena, ni sharti. Nairobi na maeneo yake, ile baridi kavu yenye mawingu ya Julai na Agosti ambayo kila mtu analalamikia ni zawadi kwa vidole. Pwani, unyevu wa hewa hausaidii, na mawe ya matumbawe yanakata kama vigae; huko pandia alfajiri na ukubali kupanda kidogo.

Nitajuaje ni wakati wa kuacha kwa leo?

Tazama rangi. Nyekundu hafifu ni kawaida. Waridi inayong'aa, yenye joto, inayouma ukigusa chaki, inamaanisha zimebaki njia moja au mbili rahisi. Vitone vidogo vyekundu chini ya ngozi ni mwisho wa siku, kwa sababu kilichobaki kati ya damu na mwamba ni utando tu. Ukiacha hapo, kesho kutwa unapanda. Ukijaribu mara moja zaidi, na kila mtu anataka kujaribu mara moja zaidi, unalipa wiki.

Mfano ninaoupenda ni wa El Capitan, Yosemite, Marekani. Tommy Caldwell na Kevin Jorgeson walianza kupanda Dawn Wall tarehe 27 Desemba 2014 na kufika juu 14 Januari 2015. Ni ukuta wa graniti wa karibu mita 900, wenye mishiko myembamba yenye makali. Walipanda majira ya baridi, mara nyingi jioni na usiku kwa taa za kichwani, kwa sababu baridi ndiyo iliyowapa mshiko. Jorgeson alikwama sehemu ya 15. Alianguka mara nyingi, siku baada ya siku, ncha za vidole zikiwa zimekatika. Nguvu alikuwa nazo na hatua zote alizijua. Alichofanya ni kulala siku kadhaa ndani ya hema lililoning'inia ukutani akingoja ngozi ikue, huku Caldwell, ambaye naye alitega saa imwamshe usiku ili apake mafuta mikononi, akimsubiri. Kisha akajaribu tena, vidole vimefungwa plasta, akapita. Watu wawili walioijenga ngozi yao kwa miaka, na bado siku za kupumzika ndizo zilizoamua.

Baada ya kupanda nifanye nini?

Nawa mapema, hata kwa maji ya chupa. Chaki ina ualikali na inaendelea kukausha ngozi muda wote inapokaa. Kausha, pitisha msasa, paka mafuta. Usifue kwa mikono jioni hiyo, wala usiogelee au kuosha vyombo usiku wa kuamkia siku ya kupanda; maji ya muda mrefu yanalainisha kila kitu ulichojenga. Nyumbani watasema ni kisingizio, kwa hiyo badilishaneni zamu badala ya kukwepa.

Chakula au vidonge vinasaidia?

Kula vizuri, protini ya kutosha, kunywa maji. Sioni sababu ya kununua vidonge vya ngozi kwa ajili ya kupanda.

Lini niende kwa daktari?

Jeraha likivimba, likipata joto, likitoa usaha, au ukiona mstari mwekundu unapanda mkononi, usisubiri kesho. Kidole kinachodunda pembeni mwa kucha huenda kimepata mdudu wa kidole na kinahitaji kutumbuliwa kwa usafi, si kwa pini ya nyumbani. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati, kwani udongo na kinyesi cha wanyama viko kwenye kila ufa. Mwenye kisukari aliyepungukiwa hisi vidoleni azungumze na daktari wake kabla ya kuanza mpango wowote wa kukaza ngozi, maana hatasikia pale anapopitiliza.

Pete ya ndoa niivue?

Ivue, kila mara, hata kwa njia rahisi. Pete ikinasa kwenye ufa mwili ukianguka, inachuna ngozi ya kidole chote hadi mfupani, na wakati mwingine kidole hakirudi. Ifunge kwenye kamba shingoni ndani ya shati, au iache kwa mwenzio nyumbani.